Muulize Opareta: Steringi alipata tuzo, picha ikapotea

Barua ya kwanza mwezi huu imetoka Nakuru na imenila nafasi kubwa. Walioandika kuuliza jinsi ya kuunganisha redio ya zamani na spika za sasa watanisamehe hadi toleo lijalo.

Mzee Opareta, pokea salamu. Mimi ni karani mstaafu wa benki, naishi Section 58. Juzi mjukuu wangu alikuja na chemshabongo ya shule: mwigizaji wa kwanza kabisa kupata Oscar ya mwigizaji bora wa kiume ni nani? Jibu ni Emil Jannings, na moja ya picha zilizompa ushindi inaitwa *The Way of All Flesh*. Niliposoma kwamba ni kisa cha karani wa benki aliyetumwa na mali kwa treni nilishtuka, maana mwaka 1981 mimi mwenyewe nilitumwa Kisumu na bahasha ya hati kwa treni ya usiku, nimeifunga kifuani chini ya shati, na sikupata hata lepe la usingizi. Nikamwambia mtoto tuitafute picha hiyo tuitazame. Siku tatu tumetafuta, tukaambulia picha za mnato na maelezo. Je, imefichwa? Na kama haipo, hao wanaosema aliigiza vizuri wanajuaje? — Karani Mstaafu, Nakuru

Mzee mwenzangu, hakuna aliyeificha. Imepotea. Paramount waliitengeneza mwaka 1927, mwongozaji akiwa Victor Fleming, yule ambaye mwaka 1939 jina lake lilikuwa kwenye *Gone with the Wind* na *The Wizard of Oz*, zote mbili mwaka mmoja. Nakala kamili ya picha hii haijulikani ilipo popote duniani. Vimesalia vipande vifupi, pamoja na hizo picha za mnato mlizoziona. Oscar za uigizaji zimetolewa kwa karibu miaka mia moja sasa, na hii ndiyo pekee ambayo picha yake imepotea.

Kwa vile wewe ni mtu wa benki, nakusimulia kisa polepole, kama kilivyoandikwa na walioketi ukumbini wakakiona.

Kuna keshia wa benki mjini Milwaukee, Marekani. Mtu wa saa, mtu wa nyumba. Ana mke na watoto sita, na kijana wake mmoja anamfundisha fidla. Siku moja benki inamkabidhi hati za dhamana azipeleke Chicago. Ndani ya treni anakutana na mwanamke wa nywele za rangi ya dhahabu, ameigizwa na Phyllis Haver, ambaye macho yake yameshauona mzigo. Wewe uliyesafiri na bahasha kifuani unajua mambo yanavyokwenda: kicheko, shampeni, baa. Asubuhi keshia anaamka peke yake katika chumba cha hoteli mbovu, na hati hazipo. Anamsaka yule mwanamke. Kwanza anamsihi, kisha anamtisha. Mwenye baa anampiga, anazimia, anaburutwa hadi relini. Jambazi akiwa amemwinamia anamvua kila alicho nacho, keshia anazinduka. Wanashikana. Treni hiyo inakuja. Anayekatwa ni jambazi.

Keshia anatoroka, na ameshaamua kujiua, mara anaona gazeti. Ule mwili uliosagwa umetambuliwa kwa vitu vyake: kwa hiyo aliyekufa ni yeye, keshia mwaminifu, na amekufa akitetea mali ya benki. Akirudi nyumbani ataeleza shampeni ilivyoingia. Asiporudi, watoto wana baba shujaa. Basi anabaki amekufa.

Miaka 20 baadaye anaokota takataka katika bustani ya jiji. Anaiona familia yake ikienda makaburini kuweka shada la maua kwenye kaburi lake. Kijana wa fidla ameshakuwa maarufu, na mzee anafika ukumbini kumsikiliza akipiga. Usiku wa Krismasi, theluji ikianguka, anasimama nje ya nyumba iliyokuwa yake, anachungulia. Kijana anamwona, hamtambui, anampa dola moja kama unavyompa ombaomba yeyote. Mzee anaondoka na dola yake mfukoni.

Kuna watakaosema hicho ni kisa cha kuwaliza watu kwa nguvu. Ni kweli, na sioni aibu yake. Nilipokuwa opareta wa projekta kwenye ukumbi wa sinema Kisumu tulionyesha picha za Kihindi za baba aliyepotea na mwana asiyemjua, na Jumatatu alasiri, siku ya akina mama, niliwaona kutoka kwenye kidirisha changu wakifungua fundo la leso. Fundo ndilo lililofunga nauli ya kurudi Nyalenda. Machozi yalifutwa kwa ncha ile ile, na sarafu zikaanguka sakafuni gizani, kling, kling, ukumbi mzima. Mfagiaji alikuwa akiipenda Jumatatu. Mtu aliyekufa kwa watu wake ilhali yu hai, hicho kisa hakihitaji kutafsiriwa ukivuka bahari. Paramount wenyewe walikirudia kwa sauti mwaka 1940, keshia akiwa Akim Tamiroff.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo zito: wanajuaje?

Kwanza, tuzo yenyewe. Kwenye Oscar za mwanzo mtu alihukumiwa kwa kazi ya msimu mzima, kuanzia Agosti 1927 hadi Julai 1928. Jannings alituzwa kwa picha mbili. Ya pili, *The Last Command* ya Josef von Sternberg, ipo mpaka leo. Humo yeye ni jenerali wa Urusi ambaye mapinduzi yamempokonya kila kitu, akaishia Hollywood kuigiza kwa ujira wa kibarua, na siku moja anapangiwa kuigiza jenerali. Itazame na mjukuu. Nusu ya ushahidi ni hiyo.

Halafu rudi nyuma hadi *The Last Laugh*, picha aliyoiigiza Ujerumani mwaka 1924 chini ya F. W. Murnau. Niliitazama kwenye simu ya mjukuu wangu, kioo cha upana wa kiganja, na bado ilinikaba. Jannings ni soja wa mlangoni katika hoteli kubwa. Koti lake lina vifungo vinavyong'aa na mabega kama ya brigedia. Akirudi mtaani kwao jioni wanawake wanamsalimu kama ofisa. Meneja anaona amezeeka, hawezi tena masanduku, anamhamishia chooni akashike taulo. Tazama wanapomvua lile koti. Hakuna neno, hakuna maandishi kwenye skrini. Mgongo unainama. Shingo inaingia mabegani. Mikono, ambayo dakika moja iliyopita ilikuwa inasimamisha magari, inaning'inia kama si yake. Mtu mnene vile anapungua mbele ya macho yako. Usiku analiiba koti alivae kwenye harusi nyumbani, ili majirani wasijue.

Hicho ndicho alichokuwa akifanya Jannings maisha yake yote: mtu mkubwa kuangushwa, na kuangushwa kwenyewe kuonekana mgongoni. Kwa hiyo ninapoisoma ile hadithi ya keshia naweza kukisia mgongo wake ulivyokuwa alipopokea dola. Nakisia tu, wala sitakudanganya kwamba nimeona. Waliompigia kura waliona.

Na kwa vile wewe ni wa Nakuru, acha nikutolee deni la zamani. Enzi hizo nakala moja ya picha ilitoka Nairobi, ikaonyeshwa kwenu, kisha ikapakiwa treni ya usiku kuja kwetu. Jumamosi moja mwaka 1978 mikebe ilifika saa nne asubuhi, nikahesabu: kumi na moja. Picha ilikuwa na rili, yaani mizingo ya utepe, kumi na mbili, kila moja na mkebe wake. Rili ya tisa ilibaki kwenu, chini ya meza ya mtu fulani. Mwenye ukumbi akasema onyesha hivyo hivyo. Rili ya nane iliisha steringi akiwa amefungwa kamba ghalani, ya kumi ikaanza akiwa kwenye farasi, shati jipya, amenyolewa. Ukumbi ulilipuka kwa miluzi na kelele za "Rudisha pesa!" Chupa moja ya soda ilipenya kidirishani ikapasukia miguuni pangu. Jumatatu rili ilifika, lakini nani angeketi kutazama rili moja? Mpaka leo kuna watu wa Kisumu hawajui yule bwana alifunguliwa na nani.

Mzee, mimi ni mwanafunzi hapa Maseno. Nimesoma kwamba filamu nyingi za kimya zimepotea. Sielewi. Picha iliyoshinda tuzo kubwa hivyo, wenyewe waliiachaje ipotee?

Mwanangu, walioiacha hawakuwa wajinga, walikuwa wafanyabiashara.

Mwezi Oktoba 1927 ilitoka *The Jazz Singer*, watu wakasikia mwigizaji akiimba na kuzungumza, na ndani ya miaka miwili hivi picha ya kimya ilikuwa mzigo. Hapakuwa na televisheni ya kuiuzia wala kanda ya kuikodisha. Ilikula nafasi ghalani, na bima. Bima kwa nini? Kwa sababu utepe wa filamu wa wakati huo ulitengenezwa kwa naitreti ya selulosi, ndugu wa karibu wa baruti ya pamba. Ukishika moto unajitengenezea oksijeni yake wenyewe, kwa hiyo hata ukiutosa majini unaendelea kuwaka. Usipoungua unaoza: kwanza unanata, kisha unatoa povu, mwishowe ni unga wa kahawia ndani ya mkebe. Ukiwa mzima pia una adui, maana picha imeundwa kwa chembe za fedha, madini ya fedha yenyewe, na viwanda viliyeyusha tepe kuikamua. Ghala la Fox lililokuwa Little Ferry, New Jersey, liliwaka Julai 1937, na sehemu kubwa ya kazi zao za kimya ikaenda na moshi.

Hesabu iliyochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 iligusa picha ndefu za kimya za Marekani karibu 11,000. Zilizobaki kamili katika umbo lake la kwanza ni asilimia 14.

Usidhani ni mambo ya ng'ambo peke yake. Kati ya mwaka 1935 na 1937 kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment, makao yake Vugiri, milima ya Usambara kule Tanganyika. Walitengeneza picha kama 35 za mafunzo, wakazizungusha kwa lori hadi huku Kenya na Uganda, sauti ikitoka kwenye sahani za santuri. Babu zako huenda walizitazama wakiwa wamekaa nyasini. Zinazojulikana kubaki ni tatu.

Na kuna njia nyingine ambayo haiandikwi kwenye hesabu hizo. Hiyo naijua kwa vidole vyangu. Utepe ukikatika kwenye projekta, unazima taa, watu wanapiga miluzi, una nusu dakika. Unakata fremu, ile picha moja moja ya utepe, iliyochanika upande huu, na nyingine upande ule. Unakwangua rangi kwa wembe mpaka pabaki plastiki tupu, upana wa ukucha. Unapaka gundi kwa brashi ndogo, unabana, unahesabu hadi kumi na tano, unapuliza. Umepoteza fremu mbili, na sekunde moja ni fremu 24, nani ataona? Lakini kesho inakatika hapo hapo, maana kiungo ni kigumu kuliko utepe. Nakala ikizunguka miezi minane, mtu ananyanyua glasi mezani, kufumba na kufumbua yuko mlangoni. Busu zilitangulia kuisha, maana baadhi yetu opareta tulikuwa tunazikata tukaweke ukutani. Nasema tulikuwa. Sisemi nani.

Habari njema kidogo: zilizopotea huwa zinapatikana mahali ambapo hakuna akili ya kuzitafuta. Mwaka 1978 katika mji wa Dawson, kaskazini ya mbali ya Kanada, wachimbaji wa ujenzi walifukua mamia ya rili zilizofukiwa chini ya uwanja wa zamani wa barafu. Baridi ilikuwa imezihifadhi. Nakala ya toleo la awali la *The Passion of Joan of Arc* ilipatikana mwaka 1981 katika hospitali ya wagonjwa wa akili nchini Norwei. Sehemu zilizokosekana za *Metropolis* zilionekana Buenos Aires mwaka 2008. Kwa hiyo ya keshia sijaizika. Joto letu la Kisumu halingeiacha salama hata mwaka mmoja, ila dunia ina makabati mengi.

Opareta, sisi ni chama cha akina mama Kakamega, na mkutano wetu umeharibika kwa sababu yako. Ulimtaja huyo Jannings toleo lililopita kwa sifa. Binti ya mwenzetu akatuambia huyo mtu alimtumikia Hitler. Wengine wanasema tuzo ingerudishwa, wengine wanasema kazi ni kazi. Tuamulie.

Mama zangu, binti amesema kweli, na mimi nilikosea kutaja nusu.

Jannings alizaliwa mwaka 1884 Rorschach, Uswisi, akakulia Ujerumani. Sauti ilipoingia kwenye sinema, Kiingereza chake kizito hakikufaa Hollywood, akarudi kwao. Alikuwa na haraka hivyo kwamba aliomba tuzo yake mapema, akaondoka nayo kabla ya sherehe ya tarehe 16 Mei 1929 pale Hollywood Roosevelt Hotel. Ndiyo maana yeye ndiye binadamu wa kwanza kukabidhiwa Oscar. Sherehe yenyewe ya kugawa tuzo ilichukua dakika kama 15 tu. Sijui siku hizi wanazungumza nini saa tatu na nusu.

Mwaka 1930 aliigiza *The Blue Angel* na Marlene Dietrich. Humo yeye ni mwalimu mwenye heshima zake anayeishia kuwika kama jogoo jukwaani. Tena ule mgongo. Dietrich alipanda meli akaenda Marekani, baadaye akawaimbia wanajeshi waliopigana na Hitler. Jannings alibaki, na hakubaki kimya. Aliigiza picha za propaganda za Wanazi. Mwaka 1941 alikuwa *Ohm Krüger*, akimwigiza rais wa Makaburu katika vita na Waingereza kule Afrika Kusini. Hebu fikirini: serikali iliyokuwa ikijenga kambi za mauaji inatengeneza sinema ya kuwalilia watu waliofungwa kambini na Waingereza, na Waafrika wenye ardhi hiyo wako pembeni kama mapambo. Mwaka huo Goebbels, waziri wa propaganda wa Hitler, alimpa cheo cha Msanii wa Taifa. Baada ya vita hakuruhusiwa kuigiza tena. Alifia Strobl, Austria, Januari 1950. Husimuliwa kwamba askari wa Marekani walipofika alitoka na Oscar mkononi kuonyesha yeye ni mtu wao. Kama ni kweli au ni porojo, inamfanana.

Mnataka niamue. Mimi kurudisha tuzo sioni maana, iliyotolewa mwaka 1929 ilikuwa ya kazi ya 1927 na 1928. Lakini wale wanaosema kazi ni kazi nao sikubaliani nao. Ile kazi ya 1941 pia ni kazi, na aliifanya kwa mgongo ule ule uliotutoa machozi kwenye *The Last Laugh*. Kipaji hakikumzuia. Mtazameni, na msimpende. Inawezekana, mimi nilimtumikia mwenye ukumbi miaka 14 kwa mtindo huo.

Mzee, picha haina sauti, watu walikuwa wanaelewaje? Si usingizi huo? — Kijana wa Kondele

Wewe wa Kondele ndiye wa kuniuliza hilo? Umekulia kwenye kibanda cha video, unatazama Mchina akipigana kwa lugha usiyoijua, na DJ Afro anakusimulia kila kitu, hata ambacho hakimo. Wajapani walikuwa na watu wa kazi hiyo hiyo enzi za picha za kimya, waliitwa benshi, wakisimama kando ya skrini wakisimulia na kuigiza sauti zote, na wengine walikuwa na majina makubwa kuliko masteringi. Kwingine palikuwa na piano au bendi nzima ukumbini, na maandishi mafupi kati ya picha na picha. Kimya kilikuwa kwenye utepe. Ukumbini hapakuwa na kimya.

Shikamoo mzee. Babu yangu Bungoma alikuwa dereva wa lile gari la sinema lililokuwa likipita vijijini likitangaza kwa kipaza sauti, "Sinema leo! Sinema leo!" Amefariki. Kwenye ghala la mahindi tumekuta mikebe sita ya bati, ya mviringo, ina kutu. Ndugu yangu anataka kuifungua tuone, shangazi anataka mikebe. Tufanye nini?

Marahaba, na poleni kwa msiba.

Mwambie ndugu yako aweke bisibisi chini. Kwanza toeni mikebe ghalani, mbali na jiko na mtu yeyote anayevuta sigara, muiweke kivulini penye hewa. Msiianike juani. Baadaye fungueni mmoja tu, nje, polepole. Ukinusa harufu kali ya siki, huo ni utepe wa asiteti unaooza. Hauwaki kama naitreti lakini unaharibika, na harufu hiyo huambukiza mikebe jirani, kwa hiyo utengeni. Halafu tazameni upana. Magari ya vijijini yalitumia utepe mwembamba wa milimita 16, kama upana wa kidole, na huo karibu wote ni wa aina salama. Ukiwa mpana kama vidole viwili, milimita 35, angalieni maandishi madogo pembeni: neno SAFETY ni nafuu, neno NITRATE funikeni, muondoke hapo na msiusafirishe kwa matatu. Chochote kitakachokuwa, msiukunjue na msiupitishe kwenye projekta ya mtu wa harusi. Andikeni maneno yote yaliyo kwenye karatasi za mikebe, hata yaliyofutika nusu, piga picha, mwasiliane na Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa kule Moi Avenue, Nairobi.

Nawasisitizia kwa sababu moja. Ukumbi wetu ulipofungwa ukawa kanisa, mwenyewe aliniambia nisafishe chumba cha projekta kabla ya Jumapili. Zilikuwepo rili ishirini na kitu zisizo na jina. Sikuzikagua. Mikebe niliiuza kwa mama mmoja wa Kibuye aliyekuwa akioka keki za harusi, shilingi kumi mmoja, naye alinisifu kwamba inashika joto vizuri. Tepe walichukua watoto, wakazikimbiza barabarani kama mikia ya tiara hadi mtaroni. Nilibaki na kipande kimoja kilichonasa mlangoni, dhiraa moja na nusu hivi. Nimekihesabu mara nyingi: fremu 36. Mwanamke amesimama kwenye jeti ya ziwa, si mwigizaji, nguo ni zetu na jeti naona kama yetu. Anaanza kugeuka kutazama kamera. Fremu ya 36 bado hajamaliza kugeuka.

Shangazi mnunulieni sufuria.